Mwambie nahodha azime mashine: kupiga picha pomboo ukitokea Moshi

Mara ya kwanza nilipokwenda Kizimkazi, kijiji cha kusini mwa Unguja ambako watalii hufuata pomboo kwa boti, nilirudi Moshi na picha mia sita na ushei, na kati ya hizo hakuna hata moja inayoonyesha jicho la pomboo. Mapovu, mikia inayozama, vichwa vya watalii wa boti nyingine. Nilizipitia usiku huohuo nyumbani Majengo, begi la safari bado halijafunguliwa, na kilichoniuma si nauli. Niliikumbuka sauti yangu mwenyewe ikimpigia kelele nahodha: "Mzee, ongeza mwendo, wale pale, watatupotea!"

Siku hiyo tulikuwa boti tisa juu ya kundi moja. Pomboo wakiibuka, mashine zote zinanguruma kuelekea pale, watu wanajitosa, pomboo wanazama, msafara unaanza upya. Kulikuwa na jike mmoja mwenye mtoto aliyemganda ubavuni. Waliibuka mbele yangu mara tatu, na mara zote tatu mama alikuwa upande wa boti, mtoto upande wa bahari kuu. Mimi nikaona ni bahati mbaya, mama ananizibia mtoto. Kumbe alikuwa anamkinga.

Nimerudi mara nne tangu hapo. Sasa vijana wa Moshi na Arusha wanaoongoza wageni mbugani, ambao safari zao nyingi humalizikia Zanzibar, huja studio kuniuliza wanunue lenzi gani. Lenzi nitaifikia. Kwanza nahodha.

Zungumza naye mkiwa bado mchangani, kabla hujatoa hata shilingi. Ukikaa kimya atadhani unataka wanachotaka wengi: kufikishwa karibu, upesi, kisha ujitose. Bakshishi yake hutegemea hilo, kwa hiyo usimlaumu. Mimi baada ya shikamoo husema hivi: "Mzee, mimi siingii majini. Naomba tutoke alfajiri kabla ya wenzetu. Tukiwaona tukae mbali, uzime mashine, tungoje. Na tusipowaona kabisa, hela yako iko palepale." Hayo maneno ya mwisho ndiyo yenye kazi. Nahodha asiye na hofu ya kupunjwa haoni sababu ya kumkimbiza mnyama. Mzee mmoja wa Mkunguni, sehemu ya Kizimkazi, niliyemwambia hivyo safari ya pili alinitazama kitambo, akasema, "Basi wewe mwanangu umekuja kuwaona." Tangu siku hiyo natoka naye yeye tu.

Kina dada wenzangu, mkiwa kijijini jifungeni kanga, mfunike na mabega, mpaka mfike chomboni. Msikiti wao wa Dimbani, sehemu ya pili ya Kizimkazi, una maandishi ya mwaka 1107. Ule si ufukwe usio na wenyewe.

Pomboo wa huko ni wa aina mbili. Wanaoonekana zaidi ni wale wa kijivu wenye mdomo mfupi mnene, ambao wataalamu huwaita Tursiops aduncus. Wengine ni pomboo wenye nundu, Sousa plumbea, waoga zaidi, pezi lao dogo limekaa juu ya kinundu mgongoni. Hawa wa pili wamo katika orodha ya IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi, ya wanyama walio hatarini kutoweka, kwa hiyo ukibahatika kuwaona, piga picha chache, uwaache waende zao.

Wazee wa pale wanakumbuka enzi pomboo alipovuliwa ili nyama yake iwe chambo cha papa. Utalii ulioanza miaka ya mwanzo ya 1990 uliwafanya wavuvi waone faida ya pomboo aliye hai, na mwaka 1997 Ghuba ya Menai, ilipo Kizimkazi, ikawa eneo la hifadhi. Nalifurahia hilo kwa moyo wote. Lakini watafiti waliozichunguza boti za watalii hapo Kizimkazi waliona kwamba zikiwepo, pomboo hupumzika kidogo na husafiri zaidi. Fikiria maana yake kwa mnyama ambaye hata usingizi wake ni wa nusunusu: upande mmoja wa ubongo unalala, wa pili unakesha ili aendelee kuja juu kuvuta pumzi. Ukimwamsha huyo kila asubuhi, mwaka mzima, kwa boti tisa, umemnyang'anya kitu asichoweza kukifidia mchana.

Kwa hiyo jifunze kuwasoma. Kundi linalokwenda polepole, limebanana, linaibuka na kuzama bila kuruka, hilo linapumzika. Liache, hata kama mwanga ni mzuri. Wakianza kupiga maji kwa mkia, wakibadilisha mwelekeo ghafla, au kila wakizama wanakawia kuliko mara iliyotangulia, hao wamechoshwa na nyinyi. Chombo kikae ubavuni mwao, kielekee wanakoelekea, kwa mwendo wao. Kisiwakatie njia mbele wala kisiwafuate mkiani. Kukiwa na boti mbili tayari, mimi humwomba mzee tupitilize. Nusu saa ndiyo kipimo changu, nikiwa nimepata picha au sikupata.

Sasa mazoezi, na haya usiyafanyie Zanzibar kwa gharama ya Zanzibar. Mpiga picha wa huku kwetu huja na mazoea ya mbugani: simba amelala, lenzi ndefu imelazwa juu ya mfuko wa maharage kwenye paa la gari, muda upo. Chomboni hakuna kilichotulia. Mimi nilijifunzia Bwawa la Nyumba ya Mungu, kusini mwa Moshi, ndani ya mtumbwi wa mvuvi anayelijua bwawa vizuri, nimevaa jaketi okozi. Mwalimu wangu alikuwa mnandi. Ndege huyu huzama hapa akaibukia kule, hujui kule ni wapi, na akiibuka una sekunde moja. Nilikwenda Jumamosi tano. Nilichokipata ni mazoea ya kuweka macho yote mawili wazi, moja kwenye kamera na moja majini, na kutokizungusha kiuno kwa pupa mtumbwi unapoyumba. Asiyeweza kufika bwawani aende mashamba ya mpunga ya Mabogini akawafuate mbayuwayu kwa lenzi. Vidole vitazoea.

Lenzi, basi. Milimita 70 hadi 300 inatosha kabisa. Ile kubwa ya milimita 600 iache Moshi, kwa sababu chombo kikiyumba kidogo tu, pomboo hayumo tena kwenye picha. Kasi ya kamera kufunguka na kufunga isiwe chini ya 1/1600 ya sekunde, na akiruka afadhali 1/2000. ISO, yaani wepesi wa kamera kupokea mwanga, iache ijipange yenyewe. Picha yenye chengachenga inasameheka, iliyotikisika haisameheki. Fokasi iwe ile inayomfuata mnyama bila kukoma, na upige mfululizo wa picha chache chache, si kubonyeza mpaka kamera ikwame. Jua likae mgongoni kwako. Jua la mbele hugeuza bahari kioo na pomboo kivuli. Mwenye simu asivute picha kwa vidole. Arekodi video ya fremu 60 kwa sekunde, kisha achague fremu nyumbani kwa utulivu.

Jambo moja alilonifundisha mzee halimo katika kitabu chochote cha kamera nilichosoma: hesabu pumzi. Pomboo huja juu mara kadhaa kwa mfuatano, pumzi fupi fupi, kisha huzama kwa muda mrefu. Ile ya mwisho utaijua kwa mgongo, maana anaukunja juu kuliko mara zote. Ukishaona hivyo, shusha kamera, pumzika mikono, futa lenzi.

Na futa kwa kitambaa kilichoguswa maji baridi, kwa sababu chumvi ikisuguliwa kavu inachora kioo. Usibadilishe lenzi ukiwa baharini hata kama unaona bahari shwari. Ukilala chumba chenye kiyoyozi, alfajiri acha kamera ndani ya begi mpaka ipate joto la nje, la sivyo itajaa ukungu saa ileile unayoihitaji.

Majira: Desemba hadi Februari, wakati wa kaskazi, ndio mimi huchagua, maji ni maangavu. Kusi ikivuma, katikati ya mwaka, upande huo wa kusini mwa Unguja huchafuka, na mtu wa mlimani asiyezoea bahari atatapika badala ya kupiga picha. Ambaye mfuko haumruhusu kuvuka ajaribu Pangani, atoke na boti ya kwenda kisiwa cha Maziwe. Pomboo huonekana njiani, ingawa hiyo ni bahati tu.

Safari ya tatu tulitoka kabla jua halijachomoza. Mzee alizima mashine, akakaa tezini, akawasha sigara asiivute. Tulingoja kama dakika ishirini, mawimbi yakigonga ubao. Kisha nikasikia nyuma yangu, karibu sana, *pfuu*, kama mtu aliyeshusha gunia. Niligeuka polepole. Alikuwa ameinua kichwa ubavuni mwa chombo, kitundu cha utosini kikifunguka na kujifunga, jicho jeusi limezungukwa na ngozi yenye mikwaruzo. Alinitazama. Nilipiga picha nne, kisha nikaishusha kamera mwenyewe bila kuambiwa. Alipogeuka nikaona pezi lake lina mapengo mawili, moja juu kama limeng'atwa, jingine dogo chini yake. Mwenzake mdogo kidogo alimfuata.

Mapengo ya pezi ni kama sura ya mtu, watafiti huwatambua pomboo kwa hayo, ndiyo maana nakusihi usifute picha zako mbaya. Niliporudi Moshi nilifungua zile mia sita za safari ya kwanza, miaka miwili nyuma, nikazipitia moja moja. Kwenye ya mia tatu na kumi na mbili, kati ya mapovu na mkono wa mtalii, lipo pezi lenye mapengo mawili. Ni yule mama. Na ubavuni mwake, upande wa bahari kuu, ncha ya mdomo wa mtoto.