Kwa anayeanza kusoma majalada ya vifo vya ghafla, Uingereza ya karne ya 18

Wengi wanaofungua majalada haya kwa mara ya kwanza hukimbilia uamuzi: ameuawa, amejiua, ni ajali, au amekufa kwa kudra ya Mungu. Nakusihi usianzie hapo. Uamuzi ndiyo karatasi yenye maneno mengi ya kunakiliwa. Muuaji na aliyejiua wote wameandikwa hawakuwa na hofu ya Mungu, wakashawishiwa na shetani. Anza na maelezo ya mashahidi waliokula kiapo: mtumishi wa ndani, mpiga makasia wa mto Thames, jirani aliyemwona marehemu jioni ile. Humo ndimo maskini wa London wanamosema kwa vinywa vyao, na nyaraka za zama zile zilizowapa nafasi hiyo si nyingi.

Mfahamu pia mchunguzi mwenyewe, yaani afisa aliyechunguza vifo vya ghafla (kwa Kiingereza, coroner). Cheo chake kilianzishwa mwaka 1194, na kazi yake kubwa ilikuwa kulinda haki na mapato ya mfalme. Kwenye kaunti alichaguliwa na wenye ardhi, akakaa madarakani maisha yake yote. Kwa kawaida hakuwa daktari. Wengi walikuwa wanasheria. Kwa hiyo usishangae ukikosa taarifa ya upasuaji wa maiti: daktari hakuwekewa malipo ya kisheria kwa ushahidi wake hadi mwaka 1836. Walioamua ni juri, yaani wanaume wa mtaani, wasiopungua 12, walioitwa haraka na kukusanyika mara nyingi katika kilabu cha pombe cha jirani. Walilazimika kuitazama maiti kwa macho yao. Pasipo maiti hapakuwa na uchunguzi, ndiyo maana aliyechukuliwa na bahari unaweza kumtafuta usimwone.

Kisha fuata pesa. Kwa sheria iliyoanza kutumika mwaka 1752, mchunguzi wa kaunti alilipwa shilingi 20 kwa kila uchunguzi, na peni 9 kwa kila maili aliyosafiri. Malipo yalipitishwa na mahakimu wa kaunti, nao waliweza kukataa. Hati za madai ya malipo za kaunti ya Wiltshire zilizobaki kutokana na utaratibu huo zina maelezo mafupi mno: jina, mahali, maili, sababu ya kifo. Ni hazina, lakini ziliandikwa ili mtu alipwe. Ukiona idadi ya vifo imepanda, jiulize kwanza kama ni vifo vilivyozidi au ni safari zilizoanza kulipika.

Sheria ilisema pia kwamba kitu kilichomuua mtu, awe farasi au gurudumu la mkokoteni, kinatwaliwa kwa niaba ya mfalme. Juri ikakipa thamani ndogo, kwa sababu mwenye farasi alikuwa jirani yao. Kwa waliojiua mambo yalikuwa mazito zaidi. Aliyehukumiwa kuwa alijiua akiwa na akili timamu, mali yake ilitaifishwa, na mwili wake uliweza kuzikwa njia panda usiku, bila ibada, ukiwa umepigiliwa mti uliochongoka. Kadiri karne ilivyosonga, juri nyingi zaidi ziliandika kwamba marehemu hakuwa na akili zake. Tafadhali usizihesabu hukumu hizo kama takwimu za wendawazimu. Mle ndani kuna mjane, kuna watoto, na kuna wanaume 12 na zaidi waliowajua.

Mengine ni ya kiufundi. Kabla ya mwaka 1752 mwaka wa kiserikali ulianza Machi 25, hivyo Januari 1740 kwenye karatasi ni Januari 1741 kwetu. Kabla ya mwaka 1733 hati rasmi ziliandikwa kwa Kilatini.

Majalada ya Westminster, sehemu ya London, ya kuanzia mwaka 1760 yanasomeka mtandaoni bure. Chagua mwezi mmoja, usome kila jalada, hata la mtoto aliyeungua moto ambalo haliingii kwenye mada yako. Ukielemewa, pumzika, kisha urudi umalizie mashahidi waliobaki.