Kumtafuta babu kwenye kitabu cha ubatizo

Mkuu, umeuliza kama babu yako aliyebatizwa Ndala, misheni ya Kikatoliki mkoani Tabora, anaweza kupatikana parokiani bila cheti cha ubatizo. Anaweza. Muone katibu wa parokia, umpe jina la ubatizo na mwaka wa kukisia. Jina la ukoo usilishikilie sana. Mapadri wazungu waliandika walivyosikia, R na L zikipishana. Vitabu vya zamani vya Mapadri Weupe, shirika la wamisionari Wakatoliki, ni vya Kilatini: "filius" ni mwana wa, "patrinus" ni msimamizi wa ubatizo.

Halafu soma pembeni mwa mstari wake, ndoa huandikwa hapo pamoja na parokia ilikofungwa. Babu yangu kumbe alioa Ujiji, kule Kigoma, na nyumbani tuliambiwa hakuwahi kuvuka mto Malagarasi!

Ukitafuta ndugu waliokuwa Wamoraviani, yaani Waprotestanti, anzia Urambo, mkoani Tabora. Wamisionari wao walifika huko 1898.