Kazi za matunzo ya diski kwenye NAS ya nyumbani: kila kipimo na ugonjwa wake

Ukifungua menyu ya hifadhi kwenye NAS (kifaa cha kuhifadhi faili kwenye mtandao wa nyumbani) kwa mara ya kwanza, iwe ni Synology, QNAP, TrueNAS au kompyuta ya zamani iliyowekewa OpenMediaVault, unakuta kazi nyingi zimepangwa pamoja: kipimo kifupi cha SMART, kipimo kirefu, skrabu, TRIM, defragi. Wanaoanza hugawanyika makundi mawili. Kuna wanaoziwasha zote kila wiki kwa kuogopa, na kuna wanaoziacha zote kwa kutojua ipi ni ipi. Wote wanapata hasara, kwa sababu kazi hizi hazishiki nafasi ya nyingine. Daktari wa meno hapimi macho.

Anza kwa kuelewa kinachotafutwa. Sekta mbovu ya diski haijulikani mpaka isomwe. Picha za harusi ya 2014 hakuna anayezifungua, kwa hiyo sekta zilizozibeba zinaweza kuwa zimeoza miaka miwili na kifaa kikaendelea kuonyesha taa ya kijani. Sasa diski moja kati ya nne za RAID 5 (diski zilizounganishwa ili moja ikifa data yake ijengwe upya kutoka kwa nyingine) inakufa. Unaweka mpya, na NAS inalazimika kusoma kila sekta ya zile tatu zilizobaki ili kuijenga upya. Hapo ndipo sekta iliyooza inapojitokeza, wakati hakuna tena pa kuchukua data yake. Diski nyingi za nyumbani zinauzwa na kiwango cha kosa 1 la kusoma lisilorekebishika kwa kila biti 10^14, yaani takriban TB 12.5. Hicho ni kiwango cha juu anachokiri mtengenezaji, na diski nyingi hufanya vizuri zaidi ya hapo, lakini kinatosha kukuonyesha kwa nini kila kona ya diski isomwe mapema, wakati kuna pa kurekebishia.

SMART iko ndani ya diski yenyewe. NAS inatoa amri tu, kisha diski inajipima. Kipimo kifupi huchukua kama dakika 2: kinaangalia saketi, mwendo wa vichwa vya kusomea, na kipande kidogo cha uso wa diski. Kinakamata diski iliyokwisha kufa au iliyo mahututi, basi. Kipimo kirefu kinasoma uso wote, sekta ya kwanza hadi ya mwisho. Diski ya TB 8 inayosoma wastani wa MB 180 kwa sekunde itahitaji kama saa 12, na zaidi ya hapo kama watu wanaangalia filamu kutoka NAS hiyo hiyo. Kwa mstari wa amri:

smartctl -t long /dev/sda

Kesho yake unasoma matokeo kwa smartctl -l selftest /dev/sda. Unatafuta maneno "Completed without error". Ukikuta "read failure", pembeni yake kutakuwa na namba ya sekta ya kwanza iliyoshindikana, na kipimo husimama hapo hapo. Kwa hiyo kosa moja kwenye ripoti halimaanishi sekta mbovu ni moja. Ukikuta kipimo kilikatizwa, mara nyingi kifaa kilizimwa, umeme ulikatika, au diski ilikuwa kwenye kasha la USB likaamua kulala katikati ya kazi. Kipimo kilichokatizwa hakihesabiki kama kimefaulu. Kirudie.

Kuna jambo ambalo SMART haiwezi kabisa. Haijui RAID ni nini, wala haijui ndani ya sekta kuna faili gani. Kama data iliharibika njiani kabla ya kufika kwenye diski, diski itaisoma salama salmini na kusema kila kitu kiko sawa. Kazi hiyo ni ya skrabu.

Skrabu inasoma kupitia mfumo wa hifadhi, diski zote kwa pamoja. Synology wanaiita Data Scrubbing, QNAP wanaiita RAID Scrubbing, Unraid ni Parity Check. Ikigonga sekta isiyosomeka, inaijenga data yake kutoka kwa diski nyingine na kuiandika tena, na diski inapata nafasi ya kuihamishia kwenye sekta za akiba. Hilo peke yake linatosha kuipa skrabu heshima, kwa sababu kipimo kirefu cha SMART kinaona ubovu lakini hakiutibu.

Hata hivyo skrabu hazifanani, na hapa ndipo wageni wengi wanapopotea. RAID ya kawaida ya Linux, ile ya mdadm, inaweza kuona kwamba pariti (hesabu ya ziada inayotumika kujenga upya data iliyopotea) hailingani na data, au kwamba nakala mbili za RAID 1 zinatofautiana, lakini haina njia ya kujua ipi ni ya kweli. Ukiiambia itengeneze kwa amri ya repair, kwenye RAID 1 inachukua nakala moja na kuinakili juu ya nyingine. Kwenye RAID 5 inaamini data na kukokotoa pariti upya. Inaweza kuwa imeamini upande ulioharibika. Mifumo ya faili ya ZFS na Btrfs huweka namba ya uhakiki kwa kila kipande cha data, hivyo zinajua nani mwongo, na zikiwa na nakala ya pili au pariti zinarekebisha kwa uhakika. Kwenye diski moja tu, zinakuambia faili fulani limeharibika, na hapo unarudi kwenye bakapu.

Wenye Synology wazingatie mambo mawili. Folda ya pamoja kwenye Btrfs lazima iwashiwe uhakiki wa data siku inapoundwa. Baadaye hakuna kitufe cha kuiwasha, itabidi uunde folda mpya na kuhamishia faili huko. Na kama una diski mbili za RAID 1 au SHR (RAID ya Synology yenyewe) zenye mfumo wa faili wa ext4, skrabu haipo kwako kabisa, kwa hiyo kipimo kirefu cha SMART ndicho tegemeo lako na kisirukwe.

Kwa kuanzisha kwa mkono, ZFS ni zpool scrub ikifuatiwa na jina la hifadhi yako, na matokeo yako kwenye zpool status. Btrfs ni btrfs scrub start na njia ya folda. Kwa mdadm unaandika neno check ndani ya /sys/block/md0/md/sync_action, unafuatilia maendeleo kwa cat /proc/mdstat, halafu mwishoni unasoma mismatch_cnt (hesabu ya kutolingana). ZFS na Btrfs husoma palipo na data tu. Mdadm husoma diski nzima hata ikiwa tupu. Usishangae NAS mpya kabisa ikikagua hewa kwa saa 12.

Kuhusu ratiba, kinachofaa nyumba nyingi ni kipimo kifupi kila wiki, kirefu mara moja kwa mwezi, na skrabu kila mwezi au kila miezi mitatu. Kosa linaloumiza ni kuvipanga usiku mmoja. Kichwa cha kusomea kinarushwa huku na huko kati ya kazi mbili, zote zinakokota, na asubuhi bado hazijaisha. Kabla ya kupanga chochote angalia kilichopangwa tayari: Debian yenye mdadm huanza ukaguzi wake Jumapili ya kwanza ya mwezi karibu saa 7 usiku. Kipimo kirefu basi kiweke mbali, tarehe 20 kwa mfano. Kwenye faili /etc/smartd.conf:

DEVICESCAN -a -m anwani_yako -s (S/../../3/02|L/../20/./01)

Maana yake: kifupi kila Jumatano saa 02, kirefu tarehe 20 saa 01. Hapa Mswahili ana mitego yake miwili. Kompyuta inahesabu saa kuanzia usiku wa manane, kwa hiyo 01 ni saa 7 usiku. Ukiandika 07 ukidhani hivyo, kipimo kitaanza saa 1 asubuhi watu wakiamka. Na siku zinaanzia Jumatatu ikiwa 1, hivyo Jumatano ni 3. Anayefuata jina la siku na kuandika 5 amepanga Ijumaa. Mistari yoyote iliyo chini ya DEVICESCAN haisomwi, kwa hiyo ukitaka kila diski na tarehe yake (ni wazo zuri ukiwa na diski nne au zaidi) ifute na uandike mstari kwa kila diski.

Weka anwani ya barua pepe halafu hakikisha ujumbe wa majaribio umefika. Kipimo kinachoripoti kosa mahali ambapo hakuna anayeingia ni sawa na kutokipima.

Sasa namba. Orodha ya SMART ni ndefu na nyingi ya namba zake hazikuhusu. Angalia 5, 197, 198 na 199. Namba 5 ni sekta zilizokwisha kuhamishwa. Ikiwa 8 na ikabaki 8 kwa mwaka, diski inaweza kuendelea kufanya kazi chini ya uangalizi; ikipanda 8, 24, 60 ndani ya wiki chache, nunua nyingine leo. 197 ni sekta zinazosubiri hukumu: zilishindwa kusomeka na zitaamuliwa zikiandikwa tena, ndiyo maana baada ya skrabu inaweza kurudi sifuri. 198 ni zile zilizoshindikana kwenye ukaguzi wa diski yenyewe. 199 ni habari nyingine kabisa: ni makosa kwenye njia kati ya diski na ubao, na karibu kila mara mkosaji ni waya wa SATA au plagi iliyolegea. Watu wametupa diski nzima kwa sababu ya 199 wakati waya mpya ungemaliza kesi. Kaunta hiyo hairudi nyuma, kwa hiyo baada ya kubadilisha waya unaangalia kama imeacha kupanda. Na ukiwa na Seagate, namba 1 na 7 zikionyesha mamilioni usihangaike. Idadi ya kazi zilizofanywa imehifadhiwa ndani ya namba hiyo hiyo pamoja na makosa.

Kwenye ZFS, safu ya CKSUM (makosa ya uhakiki) ikipanda kwa diski kadhaa kwa wakati mmoja, usianze na diski. Pima kumbukumbu kwa memtest86+, kagua waya na pawa saplai. Diski tatu haziugui siku moja bila kuambukizwa na kitu kimoja.

Joto nalo. Kipimo kirefu na skrabu huzifanyisha diski kazi saa nyingi mfululizo, na NAS iliyofungiwa ndani ya kabati la TV Dar es Salaam au Mombasa mwezi wa Februari itapanda haraka. Soma namba 194 kipimo kikiwa katikati. Chini ya nyuzi 45 ni salama. Ikikaribia 50, simamisha kazi, toa vumbi, angalia feni na uitoe kabatini. Umeme ukikatika wakati wa skrabu, usomaji wenyewe haukuharibu kitu. Hatari ni data iliyokuwa inaandikwa, hasa RAID 5 ya mdadm. UPS (betri ya akiba ya umeme) isiunganishwe kwa umeme tu: unganisha na waya wake wa USB kwenye NAS ili NAS ijizime yenyewe betri ikikaribia kwisha. Baada ya kuzimika ghafla, endesha skrabu hata kama zamu yake haijafika.

TRIM (kuiambia diski ni sehemu zipi hazitumiki tena) kwa kawaida ni ya SSD na mara moja kwa wiki inatosha. Defragi (kupanga upya vipande vya faili) kwenye SSD haina faida. Kwenye Btrfs yenye snapshoti (nakala za hali ya faili kwa wakati fulani) ni mbaya zaidi, kwa sababu inavunja ushirikiano wa data kati ya faili na snapshoti zake, na nafasi inajaa bila wewe kuongeza kitu.

Diski ikionyesha ubovu wa kweli, la kwanza ni bakapu, kabla ya kuwasha tena, kabla ya skrabu, kabla ya chochote. RAID inakulinda na kifo cha diski, haikulindi na faili lililofutwa, wizi, wala virusi. Kisha soma namba ya utambulisho ya diski (serial number) kwa smartctl -i na uilinganishe na ile iliyobandikwa kwenye diski yenyewe. Kuchomoa diski iliyo salama badala ya mbovu kwenye RAID 5 iliyokwisha kupoteza moja ni kuangusha hifadhi yote. Andika namba hizo kwenye kila trei siku unapoifunga NAS.

Ukinunua mbadala, uliza kama inaandika kwa mtindo wa SMR (mistari ya data inapandiana kama vigae). Mwaka 2020 Western Digital ilikiri kwamba baadhi ya WD Red za TB 2 hadi 6 zilikuwa za aina hiyo, na kwenye kujenga upya RAID hukokota vibaya, hasa kwa ZFS. WD40EFAX ni SMR, WD40EFRX siyo. Diski mpya ipime kipimo kirefu kabla ya kuiingiza. Ukiwa na muda, ongeza badblocks -b 4096 -wsv, ambayo huandika na kusoma diski nzima mara nne na kwa TB 8 itakula siku nne au zaidi. Inafuta kila kitu, kwa hiyo hakikisha mara mbili herufi ya diski kabla ya kubonyeza Enter. Ikimaliza, rudia kusoma namba 5, 197 na 198. Zote ziwe sifuri. Diski mpya yenye sekta hata moja iliyohamishwa irudishe dukani ikiwa bado na dhamana.