Mutoto anateremuka ku kiti? Anzia ku nyonga

Kama uko na mutoto wa IMC (ule ubongo yake iliumia akiwa mudogo, basi mwili haimutii) mwenye kukaa ku kiti ya magurudumu huku kwetu Goma, hii maneno umeisha kuisikia: "Mufunge kifua, ataanguka!" Kila mutu ku njia iko na shauri yake, mama wa ndizi, motari, jirani, na wote wanaangalia fasi moja, kichwa yenye kuinama na kifua yenye kulala upande, basi wanakamata kipande ya kikwembe wanafunga kifua ku mugongo ya kiti, kisha kidogo mutoto anateremuka na ile kitambaa inapanda paka ku shingo. Hapo inakuwa hatari ya kumukaba.

Mimi niko mama wa kijana mwenye kukomea mu kiti ya magurudumu. Kuna kine mumoja (munganga wa kunyoosha viungo) alinishikisha ile mifupa na vidole vyangu mwenyewe, na neno alinipa ni hii: ukiona kasoro ku kichwa, tafuta chini.

Jaribu leo. Weka mikono pande mbili za kiuno ya mutoto, utasikia mifupa mbili mbele, moja huku moja huku. Ziwe sawasawa, moja isipite ingine juu, moja isitangulie mbele. Kisha chungulia nyuma: makalio inagusa kweli mugongo ya kiti? Mara mingi hapana, unaweza kuingiza mukono muzima. Huyo mutoto hakalie mifupa ya kukalia, amekalia mwisho ya uti wa mugongo, na mutu mwenye kukaa vile mugongo inajikunja, kifua inafinyika, pumzi inakuwa fupi, kichwa inaanguka. Sasa wewe unamuinua kidevu unamwambia "kaa muzuri, papa," atakaa namna gani? Si ubishi. Hata wewe mukubwa kaa vile kisha ujaribu kuangalia juu, utaona.

Kumurudisha nyuma: simama mbele yake, muinamishe kidogo kifua yake ije ku bega yako, kisha shika chini ya magoti na usukume mapaja nyuma polepole paka makalio iguse. Usimuvute na makwapa. Na kama analia ao uso inabadilika ukigusa paja, acha hapo hapo, mupeleke kwa kine mbele, juu kwa watoto wa IMC nyonga inaweza kutoka ku fasi yake, na kusukuma itamuumiza.

Akiisha kukaa nyuma njo unafunga mukanda. Ya kwanza ni ya nyonga, ile ya kifua itangoja, na wengine wala hawataihitaji. Ipite chini ya zile mifupa mbili za mbele, fasi paja inaanzia, ikishuka ya mushazari kwenda nyuma na chini, fasi kikalio na mugongo ya kiti vinakutana. Ikipita juu ya tumbo inafinya chakula tu na haizuie kitu. Ikaze paka vidole viwili vilale chini yake, basi. Mimi napenda mukanda ya gari, mafundi wanaitoaka ku magari yenye kufa, ni ngumu na inafunguka na kidole kimoja. Ile ya kufunga na kifundo sipendi kabisa, siku ya kukimbia utatafuta kifundo saa ngapi, na sisi watu wa chini ya Nyiragongo, ile mulima ya kutapika moto, tunajua kukimbia.

Kwa mutoto mwenye kujikaza na kujinyoosha, kikalio ya kiti iwe nene kidogo mbele, magoti ipande kupita nyonga. Nyonga ikijikunja muzuri ile nguvu ya kujirusha inapunguka. Na usisukume kisogo yake na mukono, wengi wanazidi kusukuma nyuma ukiwagusa pale.

Miguu nayo. Miguu yenye kuning'inia inavuta nyonga mbele, kazi yote uliyofanya inapotea. Nyayo zilale zote, magoti yakunjike kama pembe ya kitabu. Fasi ya kukanyagia ikiwa mbali, usingoje kiti ingine, enda kwa fundi wa chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubeba mizigo. Iko na mbao ngumu, iko na vipande vya mipira ya gari anafungaka ku magurudumu, akugongelee ubao na ule mupira juu ili kiatu isiteleze.

Sasa kiti yenyewe. Watu wanatupatiaka kiti ya mukubwa wanasema "atakomea humo." Aksanti, lakini hapana. Kiti pana, mutoto analalia upande moja kila siku na mugongo inafuata. Kikalio ndefu, ukingo inagusa nyuma ya goti, basi anateremuka mwenyewe ili magoti ikunjike, kisha watu wanasema eti ni mukaidi. Kati ya ukingo na nyuma ya goti iwe na nafasi ya vidole viwili, pande za nyonga iwe karibu. OMS (shirika la afya la dunia) ilitoa mwongozo wake mu 2008 kwa nchi zenye uwezo kidogo na ndani inasema wazi: mutu apimwe, kiti iangaliwe kama inamufaa ku mwili, kisha afundishwe kuitumia. Kwa hiyo ukienda kuomba usione haya, sema "mupime mutoto wangu mbele." Centre kama Shirika la Umoja hapa Goma ao Heri Kwetu kule Bukavu njo fasi ya kuulizia, ila mambo ya mji inabadilika, piga simu mbele ya kulipa pikipiki.

Kama kiti ni kubwa na hakuna ingine, jaza. Sponji ngumu ya godoro pande za nyonga kwanza, halafu ndio mbavu. Kuna pia ufundi ya karatasi, ilianza Zimbabwe kwa Bevill Packer: unabandika katoni na gundi ya unga, tabaka juu ya tabaka, inakauka inakuwa ngumu kama ubao, unakata kiti ya kuingiza ndani ya kiti. Katoni mu maduka ya Birere zimejaa. Shida ni mvua yetu, ikaushe kabisa kabisa, kisha vernisi pande zote.

Usitumie shambrere ya pikipiki (ule mupira wa ndani ya gurudumu) chini ya makalio! Nimeiona sana. Ile duara inafinya damu pembeni. Zaidi kwa watoto wa spina bifida (uti wa mugongo haukufungika muzuri tangu tumboni), wengi hawasikie maumivu pale, kidonda inaingia kimya. Ingiza mukono chini ya mifupa ya kukalia, kiganja juu: vidole vikiweza kuchezacheza ni salama, vikikwama lakini vinatoka ni onyo, vikifinywa kabisa badilisha kusen (mutoo wa kukalia) leo. Jioni angalia ngozi. Wekundu yenye haipoe ndani ya nusu saa, asikalie pale tena paka ipone.

Njia zetu unazijua. Tangu lave ya Nyiragongo ya 2002 mitaa mingi ni mawe tu, na yale magurudumu madogo ya mbele yanaingia kati ya mawe mutoto anarushwa. Kwa mawe makubwa geuza kiti, uivute nyuma-nyuma ukipitisha magurudumu makubwa kwanza. Kama utachagua, chagua yenye gurudumu moja kubwa mbele, imesogea mbali. Na ukifika, fungua mukanda urudishe nyonga, juu kutikisika kote kule kumemuteremusha hata kama wewe hauone.

Wakati wa kumulisha, kidevu kishuke kidogo, usimulishe kichwa ikiwa nyuma, chakula inaingia mu mapafu. Akimaliza abaki wima karibu nusu saa.

Pima tena kila rentrée (masomo ikianza) na kila Pasaka, wanakomea bila kutuambia. Kiti mupya anza na muda mufupi, uongeze polepole, na kati-kati umulaze ku tumbo ku mukeka. Hata kiti muzuri namna gani, asishinde mule.