Kaseti 71 chini ya kitanda

Chini ya kitanda changu kuna boksi la kaseti. Ni za albamu yangu ya muziki wa kelele. Niliagiza 100 mwaka wa 2021, na mpaka leo zimebaki 71. Kila kijana anaponitumia kelele zake kwenye WhatsApp na kuniuliza ni lebo gani, yaani kampuni ya kutoa muziki, itamtoa, namwambia aje kwanza tulivute boksi hilo, ndipo tuzungumze.

Sikuwa mjinga peke yangu. Mwaka wa 2020 vijana wawili wa hapa Nairobi, Martin Kanja na Sam Karugu, walitoa albamu kwa jina la Duma kupitia Nyege Nyege Tapes, lebo ya Kampala: mayowe ya metali juu ya ngoma za kompyuta zinazokimbia kama zimeona simba. Mwaka huohuo KMRU, naye wa Nairobi, akatoa albamu ya Peel kwa Editions Mego, lebo ya Vienna, sauti zinazotambaa taratibu hadi unasahau kwamba umewasha kitu. Sifa zikarudi kutoka Ulaya, na sisi wenye laptopu kwenye bedsita tukaona mlango umeachwa wazi. Tukapanga foleni.

Ambacho hatukukiona ni miaka iliyotangulia. Wale wawili walikuwa wameshapiga metali kwenye bendi za mji huu kabla ya Duma. Singeli, ule muziki wa kasi wa Dar es Salaam, ndiyo mfano mzuri zaidi. Wageni wengi waliisikia mara ya kwanza 2017 kwenye Sounds of Sisso, mkusanyiko uliotoka studio ya Sisso kule Mburahati, lakini Dar es Salaam watu walikuwa wameshaicheza kwenye vigodoro, zile sherehe za mtaani, hadi alfajiri, midundo 200 na zaidi kwa dakika. Wasikilizaji walitangulia, kaseti ikafuata. Mimi nilianza na kaseti.

Kwa hiyo kabla hujatoa chochote, tafuta chumba. Si lazima kiwe klabu. Mimi sasa natumia sebule ya rafiki mwenye spika mbili na majirani wavumilivu (mmoja si mvumilivu, huyo tunampelekea soda). Waite watu 15. Wakibaki 6 hadi mwisho, anza na hao 6. Rekodi kaseti 20 mwenyewe kwa deki, moja baada ya nyingine. Kaseti ya dakika 40 itakula dakika 40 za maisha yako, na ukifika ya tano utajua wazi ni wimbo gani ungepaswa kuutupa. Mimi niliagiza kiwandani Ulaya, zikafika, nikaitwa kulipa ushuru ambao sikuwa nimeuweka kwenye hesabu.

Sebuleni humo ndimo nilimogundua kosa lililokuwa kwenye kaseti zote 100. Wimbo wa kwanza ni mngurumo wa transfoma ya stima iliyo nyuma ya ploti yetu. Ili sauti ipanuke, niliunakili upande wa kushoto, nikaupeleka kulia, kisha wimbi la kulia nikaligeuza: penye mlima pakawa bonde, penye bonde mlima. Kwenye hedifoni ilikuwa kama umeingia ndani ya transfoma yenyewe. Siku hiyo rafiki yangu akaupiga kwenye simu yake yenye spika moja. Kimya. Tukaongeza sauti, kimya vilevile. Spika moja hujumlisha kushoto na kulia, na mawimbi mawili yaliyo kinyume yakijumlishwa hufutana. Dakika 9 za kelele, na kila aliyezipakua na kuzisikiliza kwa simu kama ile alisikia hewa. Hakuna aliyelalamika! Nadhani waliona ndiyo sanaa yenyewe. Siku hizi kazi haitoki mkononi mwangu kabla sijaijaribu kwa spika moja.

Tena, acha tamaa ya kujaza kila sekunde hadi juu. Kelele isiyopumua sikio huizoea upesi, baada ya hapo ni sawa na feni.

Kuhusu hela, nitasema machache kwa sababu zenyewe ni chache. Bandcamp, tovuti ya kuuzia muziki, hukata asilimia 15 ya albamu ya kupakua na 10 ya vitu kama kaseti na fulana, kisha wanaopitisha malipo nao wanamega chao. Kuna zile Ijumaa walizoanzisha Machi 2020 wakati wa korona, ambapo huacha fungu lao lote kwa msanii. Zitumie, hata kama siku hiyo dunia nzima inatoa kazi.

Mkataba nao usome ukiwa umeshiba. Lebo moja ndogo ya ng'ambo ilinitumia kurasa mbili zilizosema rekodi zangu ziwe zao milele, na nilibakiza kidogo tu nitie saini kwa furaha ya kuandikiwa. Wape leseni ya miaka michache, rekodi zibaki zako, na faida mgawane nusu kwa nusu gharama zikisharudi. Hilo si ombi la ajabu katika muziki wetu huu. Anayelikataa, mwache aende.

Na masikio, jamani. Kwenye desibeli 85 unaweza kukaa kwa muda wa saa 8 kwa siku. Kila zinapoongezeka 3 muda unakatwa nusu, kwa hiyo kwenye 100 una dakika 15 tu. Sikio langu la kushoto lina mbu tangu 2019 na halali.

Wiki iliyopita kaseti zilikuwa 72. Fundi wa redio pale stejini alichukua moja, si kwa ajili ya muziki, alitaka tu kujaribu deki ya mteja aliyokuwa akiitengeneza. Akaiweka, akasikiliza upande wa kwanza kwa dakika mbili huku ameinamisha kichwa, halafu akachukua bisibisi akaifungua ile deki upya.