Afghanistan kwa anayeanza: nyoosha tarehe kwanza

Mgeni wa habari za Afghanistan hukwama mahali asipopategemea: kwenye mwaka. Anakuta hati ya Kidari, lugha mojawapo kuu ya nchi hiyo, imeandikwa 1357, na kwa kuwa amezoea Hijria ya mwezi mwandamo, anapiga hesabu anaangukia 1938. Kumbe Hijria hiyo ni ya jua. Mwaka wake unaanza tarehe 1 Hamal, kwenye Machi 21, siku ya Nowruz (asili moja na Nairuzi yetu ya pwani, ingawa yetu huja katikati ya mwaka).

Tukio likiwa baada ya Nowruz hadi mwisho wa Desemba, jumlisha 621. Likiwa kati ya Januari na Nowruz, jumlisha 622. Mapinduzi ya wakomunisti yalikuwa 7 Saur 1357, yaani Aprili 27, 1978. Majeshi ya Kisovieti yalimaliza kuondoka 26 Dalw 1367. Hapo ndipo wengi huteleza: Dalw inaanza Januari, kwa hiyo ni Februari 15, 1989. Ukijumlisha 621 umewafukuza Wasovieti mwaka mzima kabla ya wakati.

Nyaraka za serikali ya Taliban nazo hutumia mwandamo. Kabul ilianguka Agosti 15, 2021: kwa jua ni 24 Asad 1400, kwa mwandamo ni Muharram 1443. Ukiijumlishia 1443 hiyo 621 utapata 2064. Afadhali kosa hilo linajianika lenyewe.

Lisilojianika ni la miaka ya tisini. Utawala wa Najibullah, rais aliyeachwa na Wasovieti, ulianguka Aprili 1992 mikononi mwa mujahidina, wapiganaji waliowapinga Wasovieti, nao wakageukiana. Sehemu kubwa ya Kabul ilibomolewa katika vita hivyo. Taliban walijitokeza Kandahar 1994 na kuingia Kabul Septemba 27, 1996. Kwa hiyo usiandike kwamba Taliban waliwatoa Wasovieti. Mullah Omar, mwanzilishi wa Taliban, na wenzake kadhaa walipigana na Wasovieti, lakini chini ya makundi ya mujahidina.

Majina nayo yana miiba. Afghani ni pesa. “Afghan” kwa asili lilimaanisha Mpashtuni, mtu wa kabila la Wapashtuni; katiba ya 2004 ililitumia kwa kila raia, na wako Watajiki na Wahazara wasiolitaka kwenye kitambulisho. Asilimia za makabila ziandike kama makadirio tu, kwani hata sensa ya 1979 ilikatizwa na vita.

Mwisho, mstari wa Durand wa 1893, kati ya Afghanistan na India ya Waingereza (upande ambao sasa ni Pakistan), uliowapasua Wapashtuni pande mbili. Tangu Pakistan izaliwe 1947, serikali za Kabul, za kifalme, za kikomunisti na za Taliban, zimekataa kuutambua kuwa mpaka halali. Mwaka huohuo Afghanistan ilikuwa nchi pekee iliyopiga kura kuikataa Pakistan isiingie Umoja wa Mataifa. Basi afisa wa Kabul akisema “mstari”, nawe ukatafsiri “mpaka”, umemlisha maneno.