Mwanangu, panda na hofu yako

Mwanangu mpenzi,

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara mbili, mara ya pili mama yako akiwa pembeni. Likizo imeshalipiwa, mumeo anahesabu siku, nawe kila ukiikumbuka ndege tumbo linakukata na usingizi unaruka. Unauliza: nighairi, au ninywe vidonge nilale tangu tunaondoka mpaka tunatua? Ukamalizia kwa kicheko ambacho sikukipenda: "Binti wa fundi wa ndege anaogopa ndege, si aibu hiyo?"

Aibu hakuna, mama. Karakanani nimefanya kazi na watu wanaofungua injini na kuirudishia bila jasho, lakini wakipewa tiketi ya kwenda likizo wanatafuta udhuru. Kuijua mashine hakumzuii mtu kuogopa kufungiwa ndani yake.

Usighairi. Nakwambia hivyo bila kuzunguka, kwa sababu ukighairi leo, usiku huu huu utalala vizuri ajabu, na ubaya uko hapo. Ile nafuu ndiyo inayoilisha hofu. Ubongo utajiandikia kwamba umepona kwa kuwa hukwenda, na safari ijayo utakudai zaidi. Na umeshaanza kulipa. Harusi ya binamu yako ulikesha kwenye basi, ukatwambia unapenda kutazama mandhari. Mandhari gani, usiku wa manane?

Tena barabara hiyo hiyo unayoikimbilia ndiyo ya kuogopwa. Baada ya mashambulizi ya Septemba 11, 2001, Wamarekani wengi waliacha ndege wakashika magari. Mwanasaikolojia wa Ujerumani, Gerd Gigerenzer, alipokokotoa vifo vya barabarani vya miezi 12 iliyofuata, alikadiria kwamba watu wapatao 1,500 zaidi walikufa kwa uamuzi huo. Walikuwa wanakimbia hatari.

Najua utasema takwimu unazijua na hazikusaidii. Ni kweli, kwa hiyo nakupa moja tu, kisha naachana nazo. Profesa Arnold Barnett wa MIT, chuo kikuu cha teknolojia cha Marekani, na mwenzake walipiga hesabu ya mwaka 2018 hadi 2022 duniani kote, wakapata kifo 1 kwa kila abiria milioni 13.7 wanaopanda ndege. Kati ya 1968 na 1977 kilikuwa kifo 1 kwa kila abiria 350,000. Hiyo tofauti haikushuka kutoka mbinguni. Imetokana na watu wa kazi yangu, na ya marubani, na ya waongozaji ndege, ambao kila ajali ikitokea wanaichambua mpaka msumari wa mwisho, kisha wanabadili sheria. Sisi kule karakanani kila kifaa kina tundu lake kwenye sanduku, limekatwa kwa umbo lake hasa. Mwisho wa zamu unatazama matundu. Spana moja ikikosekana, ndege haitoki, hata abiria wawe wamejaa langoni wanatutukana. Kuna bolti nilizozikaza mwenyewe, akaja mwingine na tochi na kioo chenye mkono mrefu kuzikagua, akatia sahihi yake chini ya yangu. Nilikuwa nalipwa ili niogope kwa niaba yenu.

Lakini kuna jambo ulilisema upesi upesi katikati ya ujumbe, kama mtu asiyetaka lisikike. Ulisema kuanguka hukuogopi sana. Unachoogopa ni mlango kufungwa, kisha moyo uanze kwenda mbio, ukose hewa, upige makelele mbele za watu au ukimbilie mlango uufungue. Basi tuongee hilo, maana mtu anayeogopa kufungiwa akipewa habari za uimara wa mabawa ni kumwonea tu.

Hofu kali ikikushika, mwili unamwaga adrenalini. Moyo unapiga mbio, unavuta pumzi kwa kasi kuliko mwili unavyohitaji, hewa ukaa inapungua kwenye damu, na hapo vidole vinaanza kufa ganzi, midomo inachonyota, kichwa kinakuwa chepesi, kifua kinabana. Mtu anasema sipati hewa, kumbe amevuta ya kuzidi. Inatisha kweli. Ila kwa kawaida hofu ya namna hiyo hufika kileleni ndani ya dakika 10 hivi, kisha hushuka, kwa sababu mwili hauwezi kukaa juu vile. Kuzirai pia usikuwazie sana, maana mtu huzirai shinikizo la damu linaposhuka, na kwenye hofu ya namna hii linapanda. Na wengi wanaoshikwa nayo ndani ya ndege wanakaa kimya kabisa. Aliye kiti cha jirani hajui kitu, anakula karanga zake.

Hewa ya ndani haiishi. Inabadilishwa yote kila baada ya dakika 2 hadi 3: sehemu inatoka nje kupitia kwenye mitambo, sehemu inapita kwenye vichujio vya aina ile inayotumika vyumba vya upasuaji. Na mlango, ndege ikiwa juu, huwezi kuufungua wewe wala mnyanyua vyuma. Kwenye mwinuko wa safari, hewa ya ndani inausukuma mlango kwenye fremu yake kwa uzito wa zaidi ya tani 5 kwa kila mita mraba. Kwa hiyo wazo la "nikichanganyikiwa nitaufungua" lifute, halina mahali pa kwenda.

Sasa nikupitishe kwenye dakika zile za mwanzo, maana nazijua kwa masikio. Kabla ya injini kuwashwa, ndege nyingi hunyamazisha hewa baridi juu ya kichwa chako. Joto litapanda kidogo na utadhani hewa imekatika. Haijakatika: ule msukumo umeazimwa kuzungusha injini, na ukishamaliza kazi unarudi. Wewe na hofu yako ya kukosa hewa, hapo ndipo utakapotaka kusimama. Usisimame. Kama ni Airbus ya safari za kati, utasikia chini ya miguu mlio kama msumeno, unakatika na kuanza tena. Hiyo ni pampu inayosawazisha nguvu ya mafuta ya haidroliki, na abiria wakiisikia hutazamana macho kila siku.

Mkikimbia kwenye njia ya kurukia utasikia dab-dab-dab chini. Mara nyingi ni matairi yanakanyaga taa za mstari wa katikati. Mkishanyanyuka, kishindo: magurudumu yanaingia tumboni na milango yake inafunga. Halafu kuna sehemu ambayo nataka uisome mara tatu. Kama dakika moja baada ya kuruka, injini zinapunguza sauti ghafla na utahisi mnaporomoka. Hamporomoki. Rubani amepunguza nguvu ya kurukia kwa kuwa haihitajiki tena, na ndege inaendelea kupanda, polepole zaidi. Sikio la ndani, lile linalokupa habari za mizani, linahisi mabadiliko ya mwendo tu, kwa hiyo kupanda taratibu baada ya kupanda kwa kasi linakutafsiria kuwa ni kushuka. Hapo hapo flapu, vile vibao vya nyuma ya mabawa, zinarudishwa na kutoa mvumo mrefu. Mfuatano huo wote ukiujua, kelele zitakuwa ratiba, na utaanza kuzingoja badala ya kushtuka.

Kutikisika nako kupo, nisikudanganye. Marubani wanapunguza mwendo na kutafuta mwinuko mwingine wenye utulivu. Bawa linapinda, na limetengenezwa lipinde. Mwaka 2010 Boeing walipolijaribu bawa la 787, walilikunja kwenda juu kama mita 7.6 kuliko lilivyokaa, mzigo ambao ni mara moja na nusu ya mkubwa kabisa unaotarajiwa angani. Wanaoumia kwenye misukosuko karibu wote ni waliokuwa hawajafunga mkanda, wakiwemo wahudumu walio kazini. Kwa hiyo mkanda ufunge muda wote, hata taa yake ikizimwa. Ukipata nafasi, chukua viti vya usawa wa bawa, kutikisika huko ni kidogo kuliko mkiani. Na safari za asubuhi huwa na utulivu zaidi, kabla ardhi haijapata joto. Wewe kwa tatizo lako chagua kiti cha njiani, uweze kusimama bila kuomba ruhusa ya mtu.

Vidonge. Mimi si daktari, na neno la mwisho ni la daktari wako, uende kwake. Usimeze alivyobakisha rafiki. Lakini ujue kwa nini madaktari wengi Uingereza wameacha kuandikia wasafiri diazepamu na jamii yake, vidonge vya kutuliza hofu. Dawa hizo zinamlaza mtu kiasi kwamba kukitokea dharura anakuwa mzigo. Anakaa bila kugeuza miguu kwa saa nyingi, na damu inaweza kuganda kwenye mishipa. Zikikutana na pombe zinaweza kudhoofisha upumuaji. Tena kuna watu zinawafanyia kinyume, wanakuwa wakali na wenye fujo, yaani lile lile unalolikimbia. Kwangu mimi sababu kubwa ni nyingine: ukilala mpaka mtue, ubongo haujifunzi kitu. Utasema kidonge ndicho kilichosafiri, na kurudi utakihitaji tena. Pombe iache kabisa siku hiyo, na kahawa pia, moyo wako una mbio za kutosha.

Badala yake, fanya mazoezi kuanzia wiki hii. Mwanasaikolojia anayejua tiba ya kukabili hofu hatua kwa hatua angekufaa kuliko mimi, na kama yupo karibu nenda. Yapo ambayo unaweza kuyaanza nyumbani, ukiwa huna ugonjwa wa moyo wala pumu: panda ngazi mbio mpaka moyo udunde, kisha keti na uuache utulie wenyewe bila kuupapasa. Pumua kwa mrija mwembamba dakika moja pua ukiwa umeiziba. Zungukazunguka mpaka upate kizunguzungu. Mama yako amecheka niliposoma hapa kwa sauti, acha acheke. Unauzoesha mwili kwamba mapigo ya haraka na kifua kubana ni hali tu, zinakuja na kuondoka. Na kila jioni jifunze pumzi hii: vuta kwa puani ukihesabu 4, toa polepole ukihesabu 6. Kutoa ndiko kunakotuliza. Jifunze sasa hivi ukiwa mzima, usingoje uwe angani ndipo uanze kuhesabu vidole.

Ndani ya ndege, mlangoni kabisa mwambie mhudumu: naogopa kuruka. Maneno hayo tu. Wanaambiwa kila siku na hawashangai. Mficha maradhi kifo humuumbua, na sehemu kubwa ya mateso yako ni kuficha. Hofu ikija, usishike mikono ya kiti ukakakamaa. Legeza taya, legeza mabega, iambie "haya, umekuja, kaa". Usipambane nayo wala usiipime kila sekunde imefika wapi. Dua soma kama kawaida yako. Itapanda, itakuwa mbaya, halafu itachoka. Inaweza kurudi tena katikati ya safari, nayo itachoka pia. Lengo la safari hii si kutulia, mama. Ukitua umelowa jasho, mikono inatetemeka, lakini ulikuwa macho na hukushuka, umeshinda kuliko aliyelala.

Mumeo mwambie nimesema asirudie "usiogope, hakuna kitu". Anasema kwa mapenzi, lakini maneno hayo yanakufanya uone hofu yako ni ujinga, uanze kuificha na yeye. Akuulize hofu iko ngapi kati ya 10, akujibu "sawa", aendelee kukusimulia mambo yake. Na wewe futa hizo video za ajali unazozitazama usiku. Usiniambie huzitazami, dada yako ameshanieleza.

Nitumie aina ya ndege, imeandikwa kwenye tiketi, na namba ya kiti. Nitakuandikia mlio mmoja mmoja utakaousikia kutoka pale ulipokaa, tangu mlango unapofungwa, ili ukae nao mkononi uwe unaweka alama ya vema kila unapopita. Kama ni ile yenye injini mkiani niambie mapema, maana hiyo ina kelele zake.

Baba yako